Msitu juu ya mabati ya Kasenga

Saa moja asubuhi, Léocadie Nkeshimana amesimama kwenye uchochoro wa Kasenga, mjini Uvira, akitafuta mti namba kumi na saba. Mkononi ana karatasi yenye picha iliyopigwa na setilaiti. Doa la kijani linaonyesha mti uko hapa hapa. Mbele yake ipo nyumba ya jirani yake Gratien, fundi viatu.

Mti uko juu ya paa.

"Baba Gratien, hii avoka imeota juu ya bati?"

"Haijaota, Mama. Nimeipandisha," anajibu Gratien kutoka kwenye ngazi, tawi la mparachichi begani. "Bati yangu iko mupya, inang'aa. Weye unataka droni ione miye wa kwanza?"

Tangu vita vilipokaribia na droni zikaanza kupita, mtaa mzima unafunika mabati kwa matawi. Yakinyauka, yanakatwa mengine.

Léocadie, mwenye miaka hamsini na tatu, analipwa kuhakiki kwa miguu kile ambacho kompyuta ya ofisi ya mazingira imekiita mti. Wiki hii amekagua madoa thelathini na nane. Ishirini na tisa ni mapaa.

"Miti inaisha, lakini kwenye picha tunafuga msitu," anasema, akicheka peke yake.

Kicheko hakidumu. Ofisi ina miche mia nne, na itapewa mtaa uliokauka kuliko yote. Kwa picha hiyo, Kasenga ni bustani. Naye anaitaka miche hiyo kando ya korongo lililo nyuma ya nyumba yake. Miaka miwili iliyopita maji ya mlimani yalipita hapo yakamchukua mumewe, Antoine, aliyekuwa amerudi kumfungua mbuzi. Mbuzi alipona.

Anampigia simu injinia wa ofisi, Rémy, kumweleza habari ya mapaa.

"Mama, setilaiti haisemi uongo."

"Haisemi uongo. Haishuki tu kuangalia."

Setilaiti hupita kila baada ya siku tano. Léocadie anazunguka nyumba kwa nyumba akiomba jambo moja: matawi yasibadilishwe mpaka ipite tena. Mti wenye mizizi haukauki kwa siku tano; tawi lililokatwa hukauka.

"Na droni?" Gratien anauliza.

"Majani makavu yanafunika vilevile. Droni haitakuuliza kama umeyamwagilia."

Siku ya sita simu inalia. Ni Rémy, sauti juu. "Mama Léocadie! Kasenga imekauka yote! Iko ugonjwa gani?"

"Hakuna ugonjwa. Ni mapaa yenu yamenyauka."

Miche inafika Jumatatu. Wa kwanza ataupanda pale alipoonekana Antoine mara ya mwisho. Shimo amekwisha kulichimba. Gratien naye ameomba mmoja.

"Ukiukata, nitakuona," Léocadie anamwonya.

Gratien anatazama mawinguni. "Kutoka kule juu?"

"Hapana. Kutoka dirishani kwangu."