Ndoa Ambayo Haikuwahi Kuwepo

Mke wangu aliporudi kwao Olmotonyi, baada ya miaka ishirini na tatu ya kusahihishwa na mimi kila alipofungua mdomo, majirani wa Daraja Mbili walikuja kunipa pole. Sikuzitaka. Nilikuwa nagombea uzee wa kanisa, na usharika wetu hauna mazoea ya kumchagua mwanamume aliyekimbiwa. Talaka ingenimaliza kabisa. Lakini mimi ni mwalimu wa Uraia. Nikafungua Sheria ya Ndoa, nikalikuta neno ambalo kila mwaka nilikuwa nalipita haraka darasani: kubatilisha.

Wakili mmoja wa Kaloleni, mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa, alinifafanulia. Talaka inasema ndoa ilikuwepo na sasa imekwisha. Kubatilisha ni mahakama kutamka kwamba ndoa ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza, na kasoro ikiwa kubwa, basi mbele ya sheria ndoa hiyo haikuwahi kuwepo. Nikamwambia hiyo ya pili ndiyo saizi yangu. Mtu hawezi kukimbiwa na mke ambaye hakuwahi kumwoa.

Akashika kalamu. "Mna undugu wa damu?"

"Hapana."

"Kulikuwa na mke mwingine?"

"Mimi, wakili? Mlutheri?"

"Tendo la ndoa lilifanyika?"

"Tuna watoto watatu."

Akaiweka kalamu mezani. Nikafikiri sana, maana kichwa changu huwa hakishindwi kunitetea. Nikakumbuka kwamba siku ya harusi, mchungaji alipomuuliza bibi harusi kama anakubali, alijibu kwa sauti ya chini mno, na kwaya ikadakia kuimba. Nani alimsikia? Ridhaa haikuthibitika. Wakili akasema hoja yangu ni nyepesi kama uji wa mgonjwa, na kwamba hata nikishinda, watoto kisheria wanabaki wangu. Nikamwambia aandike tu.

Nilihitaji shahidi, na kwa akili zangu zote nikaona anayefaa ni baba mkwe. Nikapanda Olmotonyi na rasimu mkononi, nikamkuta mzee anakatia ng'ombe majani. Nikamsalimu, nikamsomea yote, hadi vifungu. Alisikiliza kwa adabu kuliko wanafunzi wangu.

"Kwa hiyo mkwe, hiyo ndoa haikuwepo."

"Haikuwepo, baba."

"Hata siku moja?"

"Kisheria, hata siku moja."

"Sawa, mwalimu," akasema. Akamwita binti yake kutoka jikoni. "Umesikia? Kumbe hujaolewa. Basi hawa watoto ni wangu."

Nilicheka. Nilikulia milima hii hii, najua fika kwamba kwetu Waarusha mtoto wa binti asiyeolewa ni wa boma la babu yake. Ila nilidhani mzee anatania. Nilishuka mjini nikipiga mluzi, maana shahidi hakuwa amekataa.

Mwezi huo binti yetu mkubwa alikuwa akingojea washenga. Nilipaka sebule rangi mpya, nikaazima viti kanisani. Kisha akanipigia simu. "Shikamoo baba. Wageni wamepangiwa kwenda kwa babu. Na wewe karibu." Lile "karibu" lilinichoma, lakini nilivaa suti nikaenda.

Nilikaribishwa vizuri sana. Walinikalisha nyuma, karibu na tangi la maji, pamoja na fundi aliyefunga turubai. Wazee wawili wa usharika walikuwepo, wakanipungia mkono kwa mshangao. Msemaji wa wageni akaomba kutambulishwa baba wa binti, ili amkabidhi maneno yao. Mzee akasimama.

"Ni mimi."

Miguu yangu ikanyanyuka kabla sijaamua. "Samahanini. Baba yake ni mimi."

Mzee akageuka taratibu. "Kwa ndoa ipi, mwalimu?"

Watu wote wakaniangalia. Binti yangu alikuwa amesimama na sinia la vikombe, akiningoja nijibu. Nikaelewa kwamba kile nilichokiita hoja kwa wakili, yeye alikuwa amekisikia kama baba kumkana. Nikaogopa kama sijawahi kuogopa.

"Kwa ndoa yangu na mama yake," nikasema.

"Binti yangu alikubali?"

"Alikubali."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa pembeni yake, baba. Nilimsikia."

Mzee akaenda kukaa, akaniachia kiti chake. Maneno ya wageni niliyapokea mimi, kwa sauti mbovu. Uzee wa kanisa ukaenda kwa mwingine.

Mke wangu hakurudi, na sikuwa na haki ya kumtarajia. Tulipita baraza la usuluhishi likashindwa kutusuluhisha, na mwaka uliofuata tukapewa talaka ya kawaida kabisa. Hakimu alianza kwa kusoma kwamba sisi wawili tulifunga ndoa halali, tukaishi pamoja miaka ishirini na tatu, tukajaliwa watoto watatu. Maneno hayo mimi mwenyewe nilimlipa wakili ili yafutwe. Nililia pale mahakamani. Mke wangu akanipa leso, na kwa mara ya kwanza sikumsahihisha aliponiambia nimechelewa.