Ada Iliyozaa Ada

Meneja wa tawi alinipokea akiwa amekaa, simu mkononi. Mimi nina miaka hamsini na sita. Kwetu Muleba nilikozaliwa, kijana wa umri wake angekuwa ameshatoa shikamoo kabla sijavuka mlango. Yeye alisema, "Karibu mama, tukusaidie nini?" kwa sauti ile watu wanayotumia kwa mtoto aliyepotea sokoni.

Nikamwekea mezani taarifa ya akaunti yangu. Hata hiyo taarifa nilikuwa nimetozwa ada ya kuichapa.

Nashona sare za shule Rubwera, hatua chache kutoka ofisi za wilaya. Kazi yetu ni ya msimu. Novemba na Desemba natoa fedha kununua vitambaa, Januari ndipo wazazi wanakumbuka kwamba watoto wana shule. Kwa sababu hiyo nilikuwa na ovadrafti miaka sita mfululizo: benki iliniruhusu kuchukua zaidi ya nilichonacho kwenye akaunti, mpaka kikomo tulichoandikiana, nami nikalipa riba. Riba hiyo sikuwahi kuinunia. Nilikopa nikijua bei yake.

Safari hii mwenye duka la vitambaa Mwanza alinipigia simu kuuliza mbona fedha haijafika. Nilikwenda benki nikidhani ni tatizo la mtandao. Haukuwa mtandao. Mwanzoni mwa Novemba walikuwa wamenikata ada ya kuhuisha mkopo, ile ile niliyokwisha kuilipa dirishani na risiti ninayo. Ada hiyo ndiyo iliyonivusha kikomo. Kesho yake wakanikata adhabu ya kuvuka kikomo. Adhabu nayo ikanivusha zaidi, keshokutwa wakakata nyingine, na nyingine, karibu mwezi mzima, hata malipo ya vitambaa yakagoma kutoka. Kila asubuhi walinisukuma shimoni, kisha wakanitoza kwa kuanguka.

Meneja alipitisha kidole kwenye karatasi kama mtu anayesoma orodha ya vyakula.

"Ni mfumo, mama. Ukiona umevuka kikomo, unakata wenyewe."

"Nani amenivusha?"

"Mfumo."

"Basi mtozeni mfumo."

Akatabasamu. Meno yake ni mazuri, sikatai. Akaniambia niandike barua.

Niliandika, kwa Kiswahili kilichonyooka, na nakala ya risiti nikaambatisha. Majibu yalikuja baada ya wiki tano, kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, lakini kilitosha kunionyesha kwamba mistari yote minne haikuwa na kitu ndani. Walithamini uteja wangu. Walikuwa wamepitia malalamiko yangu kwa makini. Makato yalikuwa sahihi. Risiti hawakuitaja kabisa.

Mume wangu ni mkulima wa kahawa, mtu asiyependa kelele. Alisoma ile barua akairudisha kwenye bahasha. "Waache," alisema. "Hao hawashindwi." Wafanyabiashara wa mtaani kwetu walikuwa wabaya zaidi. Mmoja, muuza mabati na misumari, alinisikiliza mpaka mwisho ndipo akanong'ona kwamba hata yeye hukatwa vile vile, miaka sasa.

"Na ulifanya nini?"

"Nifanye nini, dada? Kesho nitahitaji mkopo."

Nilimdharau mtu yule. Mwenye duka la milango miwili, anamfokea kila kibarua anayepakua mizigo yake, halafu mbele ya kijana mwenye tai anakunja mkia. Lakini nisijitoe. Mwaka uliotangulia mimi mwenyewe niliwapelekea wale watu wa benki mkungu wa ndizi na ndoo ndogo ya senene, wale panzi wetu wa msimu, waliokaangwa, eti shukrani kwa kuhuisha mkopo wangu mapema. Senene hao niliwachambua mbawa na miguu kwa mikono yangu jioni mbili nzima. Nikiwakumbuka wale senene najidharau hadi leo.

Nikapeleka malalamiko makao makuu. Safari hii alinipigia mwanamke mwenye sauti tamu. Benki, alisema, iko tayari kunirudishia nusu ya makato kwa nia njema. Ningesaini tu karatasi kwamba sina dai tena na kwamba sitalizungumza jambo hili na mtu.

"Mmekosea au hamjakosea?" nikamuuliza.

"Si suala la kukosea, mama."

"Kama hamjakosea, nusu hii mnanipa ya nini?"

Nikasikia mtu akimwelekeza pembeni. Aliporudi alisema ofa ina siku saba. Nikamwambia siku saba ni nyingi, aichukue leo leo.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Nyakasimbi, karani mstaafu wa mahakama, ambaye niliwahi kushonea kwaya ya kanisa lake. Nilipanda bodaboda nikamfuata. Nilimkuta kibanjani, shamba lake la nyumbani, akipogoa migomba, nikampa shikamoo, nikamweleza. Alinawa mikono, akavaa miwani, akasoma kila karatasi mara mbili. Kisha mkataba wangu wa ovadrafti, ambao mimi niliusaini bila kuusoma, akausoma hadi maandishi madogo ya mwisho.

"Wanasema hapa ada ya kuhuisha hulipwa mara moja kwa mwaka," alisema. "Wao wenyewe ndio walioandika."

Tukaandika hati ya madai siku ile ile. Alikataa fedha. Nilimshonea suruali mbili baadaye, na hizo alizipokea.

Sitaki kudanganya kwamba mahakama ilikuwa mteremko. Tarehe ya kwanza wakili wa benki hakutokea. Ya pili alituma barua kwamba ana kesi kubwa kwingine. Ya tatu alifika, akaomba muda wa kusoma jalada, jalada la kurasa ishirini. Kila tarehe nilifunga cherehani zangu nne, mafundi wakakaa bure. Yule wakili alikuwa na viatu vilivyochongoka kama mdomo wa ndege, na kila alipopita mbele yangu aliangalia saa. Nadhani walitegemea nichoke. Watu wengi huchoka, ndiyo maana watu wa namna ile hawajawahi kujifunza kazi yao.

Siku ya kusikilizwa, shahidi wao alikuwa afisa mikopo. Alikula kiapo, akaeleza kwa madaha jinsi wateja wasivyoelewa mambo ya kibenki. Alipomaliza, hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniuliza kama nina maswali. Nilisimama na ile taarifa ya akaunti mkononi.

"Hii ya tarehe tatu ni ada ya nini?"

"Ya kuhuisha mkopo."

"Na risiti hii?"

Akaitazama. "Ya kuhuisha mkopo."

"Kwa hiyo nilihuisha mara mbili?"

"Hapana. Hiyo ya pili ni kama... ada ya kushughulikia."

"Kushughulikia nini?"

Akamtazama wakili. Wakili alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kushughulikia ukataji wa ada," akasema.

Mtu wa nyuma alicheka, akakemewa. Hakimu hakucheka. Alimwomba shahidi arudie polepole, akaandika neno kwa neno, kalamu yake tu ikisikika. Nilimwangalia yule afisa mikopo akirudia upuuzi wake kipande kwa kipande mpaka masikio yakamwiva. Nilidhani ningemhurumia. Sikumhurumia. Alikuwa amekaa ofisini miaka, akikata fedha za watu kwa jina ambalo hata yeye hakujua maana yake, na hajawahi kuuliza.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi miwili. Benki irudishe ada iliyokatwa mara ya pili, adhabu zote zilizotokana nayo, na riba iliyotozwa juu ya adhabu hizo, pamoja na gharama zangu za kesi. Fidia ya biashara niliyopoteza sikupewa, kwa kuwa sikuwa na maandishi ya kuithibitisha. Hilo lilikuwa kweli. Shule ya Igurwa iliyokuwa mteja wangu ilikuwa imenisubiri wiki mbili za Januari nikiwa sina vitambaa, kisha ikampa kazi fundi mwingine, na makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo. Mpaka leo watoto wa shule ile nawaona wamevaa sare za mtu mwingine, na mikunjo imeshonwa vibaya.

Fedha iliingia bila simu wala barua. Kwenye taarifa waliandika neno moja: marekebisho. Hakuna aliyesema samahani. Meneja alihamishiwa tawi kubwa zaidi, na nasikia huko ana gari la ofisi.

Mume wangu aliiona hukumu mezani, akaisoma kwa muda mrefu akiwa amesimama. "Kumbe wanashindwa," alisema, akaenda kukamua ng'ombe. Wafanyabiashara walianza kuja mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, kuomba nakala. Nilimpa kila aliyeomba. Wanawake wawili wauza nguo walipeleka malalamiko yao, na benki iliwalipa kabla hawajafika mahakamani. Wanaume waliobaki, kwa ninavyojua, bado wanakatwa, na wakipita dukani kwangu wanasema nilikuwa na bahati.

Sasa vitambaa nanunua kwa akiba ya kikundi chetu cha wanawake. Nashona sare chache kuliko zamani, na kila karatasi ninayopewa naisoma hadi mwisho, aliyeileta akisubiri wima hata kama ana haraka.