Mawese Niliyoitilia Mashine

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini majina ya watu wote waliofanya kazi katika lile banda ninayo kichwani, kila mtu na jina la baba yake. Sitayaandika. Wajukuu wao ni majirani zangu, na jambo lenyewe si zuri.

Miaka ile ya wakimbizi kijiji chetu, mbele kidogo ya Ilagala, kilijaa watu. Waliovuka kutoka Burundi walitakiwa kukaa kambini, ila wengi walitoka wakaja kulima mihogo yetu, nasi tukawapokea, maana Kirundi chao na Kiha chetu ni mtu na nduguye. Mmoja alifika kambeba mamake mgongoni. Yule bibi miguu ilikuwa imekufa. Nikawapa jiko langu la nje walale. Huko kwao huyo bwana alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kahawa.

Sasa, katika banda la zamani la ushirika ilikuwepo mashine ya kusaga, ya dizeli, gurudumu lake kubwa kama meza ya kulia chakula. Iliacha kusaga mimi nikiwa msichana, na kuku walikuwa wakitagia humo. Wanawake tulibeba mihogo yetu kichwani hadi kijiji cha pili. Fundi aliikagua siku nzima, akasema, "Hii haijafa. Imefungwa na kutu."

Basi tukajitolea. Kwao kazi ya namna hiyo wanaiita ikibiri: kila mtu analeta mikono yake, na mwenye pombe analeta pombe. Alikuwepo seremala, alikuwepo mvuvi aliyewahi kushika injini za boti, na sisi wanawake kadhaa tukisugua vyuma kwa mchanga wa ziwani na majani ya msasa.

"Shemeji, punguza nguvu," seremala alikuwa akinitania, "utatuachia tundu."

"Njoo usugue wewe. Au mikono yako ni ya kushikia kikombe tu?"

Fundi alicheka bila sauti, kichwa kikiwa ndani ya mashine.

Kazi ilipokaribia kwisha ikatoka amri: mkimbizi yeyote aliye nje ya kambi arudishwe, na lori litapita kila kijiji. Mwenyekiti wetu akaja bandani.

"Fundi, sikiliza. Afisa wa wakimbizi anakuja Jumamosi. Mashine ikisaga mbele ya macho yake, nitamwomba akuandikie karatasi ubaki hapa. Isiposaga, mimi sina mdomo."

"Nimesikia, Mzee. Ila mama hawezi lori. Njia ile itammaliza."

"Kwa hiyo isage," mwenyekiti akasema.

Ijumaa fundi alitia oili, galoni moja tuliyopewa na dereva wa lori la dagaa. Akatuonya sote, "Humu kisiingie kitu kingine." Nilimsikia. Sitasema sikumsikia.

Lakini kwetu chungu kipya hakipiki kabla ya kupakwa mawese. Kisipopakwa, moto wa kwanza unakipasua. Wenzangu walipokwenda kula nilichungulia lile tundu la oili. Nikaona oili iko chini kabisa, kidogo, na mashine kubwa namna ile. Nikaionea huruma. Nikaenda nyumbani, nikaleta mawese yangu mapya niliyokamua wiki ile mbele ya jiko alimolala fundi, nikamimina chupa nzima, kama mtu anayempakulia mgeni.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi ya kiangazi, upepo ukishuka milimani. Seremala na mvuvi walizungusha hendeli mpaka mashine ikakohoa, ikanguruma. Vigelegele vikapigwa. Unga ukaanza kushuka mweupe, afisa akauchota kiganjani akaunusa. Nusu debe haikufika. Mashine ikalia kama mbuzi anayechinjwa, moshi ukatoka, gurudumu likasimama.

Fundi akafungua nati ya chini. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kizito kama uji, kina makapi. Wengine waliona uchafu. Yeye alichovya kidole, akanusa, akanitazama. Kisha akakifuta kile kidole kwenye suruali.

"Ni nini hicho?" afisa akauliza.

"Kosa langu, bwana. Sikusafisha vizuri ndani."

"Fundi wa kahawa," afisa akamwambia mwenyekiti, "mambo ya unga atayajulia wapi?" Watu wakacheka.

Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikajiambia, ngoja watawanyike kwanza. Walipotawanyika nilimkuta akifuta spana zake moja moja.

"Fundi, ni mimi."

"Najua, dada."

"Twende kwa mwenyekiti nikaseme."

"Injini imeshakwisha. Ukisema, kijiji kizima kitaichukia nyumba yako, na mama yangu analala humo." Akaendelea kufuta. "Nitunzie mama tu."

Nilikubali. Nilikubali upesi, na upesi ule ndio unaoniuma kuliko yale mawese.

Lori lilimchukua Jumatatu. Bibi nilimficha jikoni, na mwenyekiti akajifanya hakumbuki kama yupo. Mwanawe sikumwona tena. Bibi aliishi nami misimu miwili ya kilimo. Kila nikimpa chakula alikuwa akinishika mkono kwa mikono miwili: "Urakoze cane, mwana wanje." Asante sana, mwanangu.

Siku moja akaniuliza, "Hivi ile mashine ilimshindaje? Huko kwetu hapakuwa na chuma kilichomshinda."

Nikamwambia kutu ilikuwa nyingi.

"Basi mikono yake ilikuwa imechoka," akasema. "Mtuwie radhi. Mlimwamini na kazi yenu akaiharibu."

Akafa akiamini hivyo. Mimi ndiye niliyemwosha.