Mzee Waya na Jua la Upande wa Pili

Baba yangu hajawahi kukosea. Muulize yeye mwenyewe. Amefanya ufundi umeme miaka thelathini na mbili, mji mzima unamjua kwa jina la Mzee Waya, na kwa miaka yote hiyo kilichoungua kiliungua kwa sababu ya mtu mwingine. Aliyeweza kumwambia "hapo umeharibu" naye akasikia alikuwa mmoja tu, mama yangu, na mama tulimzika mwaka juzi.

Baada ya mazishi alikaa nyumbani miezi saba akitengeneza vitu vizima. Halafu siku moja akaniambia, kama mtu anayeaga kwenda dukani, kwamba amejitolea kwenda nje ya nchi. Kuna shule ya kijijini, ng'ambo ya ikweta, inataka umeme wa jua, na shirika fulani linatafuta fundi wa kukaa mwaka mzima bila mshahara. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nilimpangia sanduku, nikamwekea soksi za kutosha, nikanyamaza.

Walimpa chumba nyuma ya stoo ya vitabu: kitanda cha chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha linalotazama ukuta. Mwezi wa kwanza akafunga paneli nane juu ya paa la madarasa, zote zikielekea kusini, kama alivyozoea kufunga maisha yake yote. Taa zikawaka. Wanafunzi wakasoma jioni kwa saa mbili nzima, mwalimu mkuu akatoa hotuba, na mpishi wa shule, mama mmoja mcheshi, akamwambia, "Mzee wangu, wewe tunakuoza hapahapa, huondoki!" Baba alinisimulia hilo kwenye simu Jumapili tatu mfululizo. Akifurahi hajui kuficha.

Mwezi wa tano taa zikaanza kuzimika wanafunzi hawajasoma hata nusu saa. Akapima betri, akapima nyaya, akakuta kila kitu kizima. Basi, kama kazi yake ni nzima, lazima mwizi yupo. Jikoni kulikuwa na soketi moja. Baba akasimama mbele ya walimu wote, akasema kuna mtu anachaji simu za kijiji kizima, kisha akamkazia macho mpishi. Ushahidi hakuwa nao hata chembe. Akaikata soketi ya jikoni, akalitia kufuli kabati la betri, na ufunguo akauvaa shingoni. Kweli nyani haoni kundule.

Tangu siku hiyo mpishi akawa anaweka chakula cha baba kwenye kiti nje ya mlango wake, kimefunikwa sahani. Walimu walimsalimia vizuri tu, "Shikamoo mzee," wakapita zao. Alikuwa akila peke yake, macho ukutani. Jumapili akinipigia, ananieleza hali ya hewa, ananyamaza, kisha ananieleza tena hali ya hewa ileile. Mara moja tu ikamponyoka: "Jana sikuongea na mtu yeyote, mwanangu. Niliongea na kuku." Nilicheka. Nilipokata simu nikalia.

Kufuli likawepo na taa zikazidi kuzimika mapema. Shirika likaandika barua: ikiwa mpaka mwisho wa muhula taa hazitadumu zile saa mbili za jioni, paneli zitang'olewa zipelekwe shule nyingine. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Asubuhi moja akamwona mpishi anaburuta kichanja cha vyombo kutoka nyuma ya jiko kukileta mbele. Kilikuwa kizito, na mama wa watu alikuwa peke yake. Baba akashika upande mmoja, wakabeba. Ndipo akauliza, "Mbona unakihamisha?"

"Miezi hii ya baridi jua linapita huku," mpishi akasema bila kumtazama. "Kule nyuma vyombo havikauki."

Baba akainua macho kwenye paa. Kwetu, kaskazini ya ikweta, jua la mchana hukaa kusini sehemu kubwa ya mwaka, ndiyo maana mafundi huelekeza paneli kusini. Kule ng'ambo ya ikweta, miezi ile, lilikuwa linapita kaskazini, na paneli zake zote nane zilikuwa zimelipa mgongo. Alilijua hilo tangu alipokuwa anajifunza kazi. Mikono ndiyo iliyofunga kwa mazoea, na kichwa hakikuulizwa.

"Ulikuwa unaona?" akamuuliza.

"Tangu mwezi wa nne. Upande ule wa paa hauoni jua, kila mtu hapa anajua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi, mzee? Wewe mgeni, mtu mzima, tena fundi. Nikawa natafuta namna ya kukuambia. Halafu ukaniita mwizi."

Siku hiyohiyo alirudi mbele ya walimu walewale, akasema aliyekosea ni yeye, akamwomba mpishi radhi. Kwa siku nne akahamishia paneli upande wa pili wa paa, mwalimu mkuu mwenyewe akishika ngazi. Taa zikadumu, na shirika likaandika kwamba paneli zinabaki. Mpishi alisema yamekwisha, soketi yake ikarudi. Lakini chakula kiliendelea kuwekwa kwenye kiti.

Jumapili iliyofuata baba alinieleza yote haya mwanzo hadi mwisho. Hali ya hewa hakuigusa.

"Watu wananiheshimu sana huku," akasema. "Wote waliona, wote wakaniheshimu. Tangu mama yako aondoke, hakuna mtu wa kuniambia nimekosea." Akakohoa kidogo. "Na wewe je? Kuna jambo umeninyamazia?"

Ningeweza kusema hakuna. Ndivyo nilivyolelewa.

"Baba, ulikosea kuondoka," nikasema. "Mama tulimzika wote wawili, halafu ukaniacha nimlilie peke yangu."

Nikaitazama simu kama imekatika.

"Endelea," akasema.