Mimba ya Shanta na Kadi ya Wifi

Saa mbili asubuhi, Shanta anarusha roti, chapati ya kwao Guyana, hewani, anaidaka kwa viganja viwili na kuipiga makofi ya haraka, pa-pa-pa, mpaka inaachana matabaka na mvuke unamficha uso. Roti hiyo imetoka kwenye kaango sasa hivi. Mtu mwingine angeibwaga sakafuni na kuita zimamoto. Yeye anacheka.

"Nikiipiga mara tatu, na huyu ananipiga mara tatu," anasema, akionyesha tumbo la wiki ya thelathini na nne, ambalo limeshaanza kugombana na ukingo wa meza.

"Basi ana kipaji," anadakia mwenye duka, Anko Bissoon, bila kuinua macho kwenye sufuria ya maboga. "Akizaliwa tu namwandikia zamu ya Jumamosi."

"Mlipe kwanza mama yake, Anko."

"Mama yake nimempa kiti!"

Ni kweli. Mwezi uliopita Anko alileta kiti kirefu kutoka baa ya shemeji yake, akatangaza kwamba atakayekikalia zaidi ya Shanta atakula roti ya jana. Mpaka leo hakuna mteja aliyejaribu.

Duka liko Scarborough, mashariki mwa Toronto, limebanwa kati ya kinyozi na duka la simu. Shanta, mwenye miaka 27, anafanya kazi hapa saa ishirini na mbili kwa wiki, kwa dola kumi na saba na senti sitini kwa saa. Alitoka Berbice, Guyana, miezi kumi na nane iliyopita kumfuata mumewe, Ravin, fundi wa majokofu ambaye ni raia wa Kanada.

Ravin ndiye anayemdhamini. Kibali cha kazi kilitoka. Barua ya kukubaliwa ukaazi, ile ambayo ingemfungulia njia ya kupata kadi ya afya na kutibiwa bure, haijatoka, na ndiyo maana jina lao la ukoo limeachwa katika simulizi hii. Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, Ravin hufungua ukurasa wa maombi yao na kusoma maneno yale yale: yanashughulikiwa.

Mimba haikusubiri yashughulikiwe.

Daktari wa kwanza aliwatoza dola mia na themanini kwa dakika kumi, na katika hizo, tatu alikuwa akitafuta miwani. Walipopiga simu hospitali moja kuuliza gharama za kujifungua bila bima, walitajiwa dola elfu saba, zilipwe mbele.

"Nikamuuliza yule dada wa kwenye simu, kwa elfu saba mtoto anatoka anajua kusoma?" anakumbuka Shanta. "Hakucheka."

Wala yeye hakuwa akicheka moyoni. Mwaka mmoja kabla ya kuondoka Berbice, mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa ya miezi mitatu. Waliojua ni Ravin na mama mzazi wa Shanta tu. "Hii nilitaka mtu aiangalie tangu mwanzo," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mikono yake inatulia. "Sikutaka nyingine iondoke bila hata mtu kuniambia kwa nini."

Hapo ndipo wifi yake, Dolly, dada yake Ravin, alipopata wazo. Dolly ni raia, ana mtoto wa miaka miwili na ana kadi ya afya. Aliitoa pochini jikoni kwao, wakiwa wanamenya mbaazi.

"Chukua. Pua zetu moja, nywele zetu moja. Nani atatazama picha?"

"Lakini wewe mnene, wifi."

"Na wewe una mimba. Tumelingana."

Shanta alikwenda kwenye kliniki moja karibu na kituo cha treni. Alisukuma kadi chini ya kioo cha mapokezi bila hata kuitazama, akaenda kukaa. Baada ya nusu saa muuguzi alitoka na faili.

"Indramattie!"

Kimya. "Indramattie!" Kimya tena.

"Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana dharau kweli," Shanta anasimulia. "Watu tumejaa hapa, yeye kalala wapi? Hata nikamgusa bibi mmoja pembeni yangu: 'Mama, au ni wewe unayeitwa?'"

Kwao Berbice mtu ana jina la karatasi na jina la nyumbani, na hayo mawili yanaweza kuishi miaka bila kukutana. Shanta mwenyewe kwenye pasipoti ni Hemwantie, jina ambalo Anko Bissoon alilijua siku ya kumwandikia mshahara, akadhani ameajiri watu wawili. Kwa miaka minne ya ndoa, wifi yake alikuwa Dolly. Shanta hakuwahi kusikia kwamba Dolly anaitwa Indramattie.

Muuguzi alipoita mara ya tatu, mama wa mapokezi alimnyooshea Shanta kidole. Akamtazama yeye, akaitazama kadi. Shanta akaanza kulia kabla hajaulizwa kitu.

"Nilidhani anaita polisi. Akanirudishia kadi, akaandika namba kwenye kikaratasi. Akaniambia, 'Mwanangu, hii mpelekee mwenyewe. Na hawa wapigie leo, si kesho. Hawaulizi kadi.'"

Namba ilikuwa ya wakunga. Katika jimbo la Ontario, wakunga waliosajiliwa huwahudumia wajawazito wanaoishi humo hata kama hawana bima, na malipo yao hutoka serikalini. Shanta alikuwa ameishi Toronto mwaka mzima bila mtu kumwambia, na Dolly, aliyezaa hospitalini kwa kadi yake, hakuwa na sababu ya kujua.

Nafasi hazikuwepo. Kundi la kwanza la wakunga limejaa, la pili limejaa. La tatu lilikuwa limejaa pia, ila mama mmoja alikuwa anahamia mji wa Calgary wiki hiyo, na Shanta akaingia mahali pake akiwa na wiki kumi na sita.

Mkunga wake ni Odette Charlebois, mwanamke mrefu mwenye miaka kumi na tisa kazini. Siku ya kwanza walikaa dakika arobaini na tano. Walisikiliza moyo wa mtoto, Odette akauliza habari za ile mimba ya kwanza, akachukua damu.

Majibu yalionyesha Shanta ana damu ya kundi O hasi. Mama mwenye damu hasi akibeba mtoto mwenye damu chanya, mwili wake unaweza kujifunza kuishambulia damu ya mtoto, hasa wa mimba inayofuata. Kinga yake ni sindano, ikitolewa kwa wakati.

Dolly ni O chanya. Imeandikwa kwenye faili lake tangu alipojifungua.

"Huenda kliniki wangepima upya, huenda wangeliamini faili," anasema Odette. "Sipendi mtoto aishi kwenye hiyo huenda."

Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Ile mimba ilipotoka Berbice, Shanta hakuchomwa sindano yoyote. Inawezekana mwili wake ulikuwa umeshajifunza, na hapo sindano isingesaidia kitu. Ilibidi damu ipelekwe tena maabara, wangoje siku tano.

Mama mkwe wake, Mama Drupatie, alifunga na kusali. Dolly aliacha kula bila kufunga. "Kadi niliitoa mimi, kwa mkono wangu," anasema. "Ningemtazamaje kaka yangu?"

Simu ililia Shanta akiwa amezamisha mikono kwenye unga. Anko akazima feni ya jiko, akazima redio, akawaambia wateja wazime midomo, kisha akamshikia simu sikioni.

Damu ilikuwa safi. Mwili haukuwa umejifunza lolote.

Anko aligawa roti za bure kwa foleni nzima. Foleni ilikuwa ya watu wanne, na wa tano alipoingia alilipa.

Wiki ya ishirini na nane Shanta alichomwa sindano yake, bila kuombwa hata senti. Dolly alimsindikiza kumshika mkono. Aliyepiga kelele ni Dolly.

Sasa mpango ni kujifungulia nyumbani, wakunga wawili wakiwepo, maana hali ya mama na mtoto ni nzuri. Likitokea tatizo watakwenda hospitali. "Bili itanikuta hai, nitaongea nayo," anasema Ravin. "Mtoto kwanza."

Mama Drupatie alikuwa na wasiwasi wake mmoja. Kwao, aliyejifungua hatoki nje siku tisa. Siku ya tisa anaogeshwa na wanawake wanaimba. Alijiandaa kugombana na mkunga juu ya hilo. Odette akamwambia kwamba wiki ya kwanza yeye ndiye atakayekuja nyumbani kumpima mama na mtoto.

"Huyu amelelewa," Mama Drupatie akatoa hukumu, akamwalika siku ya tisa.

Barua bado haijaja. Mtoto akizaliwa atakuwa raia siku hiyo hiyo, bila fomu ya udhamini wala ukurasa wa kusoma asubuhi. "Akichelewa baba yake, atanidhamini yeye," anasema Shanta. Karatasi zikitoka anataka kazi ya siku nzima, na baadaye jiko lake mwenyewe. Anko anasikia, anajifanya anakoroga maboga.

Odette ametoa agizo moja kwa Ravin: kuanzia wiki ya thelathini na saba, theluji ikwanguliwe kila asubuhi kutoka barabarani hadi mlangoni, upana wa mtu na mabegi mawili. Ravin ameanza wiki tatu kabla. Anakwangua hata siku ambazo theluji haikuanguka.

"Ameshafika kwenye saruji," Shanta anasema zamu yake ikiisha, akivaa glavu ya pili ili awahi basi. "Mleta barua naye akija atapita hapo hapo. Ila kama ni kuchagua nani atangulie, tunamtaka mkunga."