Usaili Nilioufanya Nikiutazama Ukuta

Niliwahi kufanya usaili wa kazi nikiwa nimewageuzia mgongo wasaili.

Sikuwa nimelewa. Sikuwa mtovu wa adabu pia. Mimi Magige nimesoma shule ya bweni, ile ya kengele na viatu vinavyong'aa, na haya yalinifika mwenyewe mwaka uliofuata Azimio la Arusha.

Ushirika ulikuwa unafungua kituo cha kununulia pamba upande wa Butiama. Ulihitaji karani wa mizani.

Mmoja tu.

Kwangu haikuwa kazi tu. Ng'ombe wa mahari ya Miriamu walikwisha kupokelewa kwao, huko huko Butiama, na baba yake alitamka wazi: binti yake haendi kwa mtu asiye na kazi.

Nikajiandaa kama askari. Pale Nyakato, Musoma, nilikopanga chumba pamoja na rafiki yangu Enoka, nilimkalisha juu ya kreti la soda awe msaili. Mwalimu wetu mkuu alikuwa ametusisitizia jambo moja kuliko yote: mtazame msaili machoni, usipepese.

"We Magige, mbona unanikodolea hivyo?" Enoka akalalamika. "Nimeiba ng'ombe wenu?"

"Uliza swali."

"Swali gani, na macho yenyewe hayo! Huyo meneja atakupa kazi kwa woga."

Siku ikafika. Nikabisha hodi ofisi za ushirika, Bunda, nikaingia kifua mbele.

Mezani walikaa watu watatu. Meneja, mtu wa Tanga. Mhasibu, mtu wa Moshi. Na mwanamke wa makamo mwenye kanga ya bluu, mwakilishi wa wakulima.

Alikuwa mama yake Miriamu.

Mama mkwe wangu!

Kwa msiojua mambo ya kwetu: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mikono, hawasemezani, hawakai chumba kimoja. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Jina lake silitamki hata leo, na hapa sitaliandika.

Sikupata muda wa kuwaza. Mwili uligeuka wenyewe, nikajikuta nimeukabili ukuta wenye kalenda.

"Ndugu Magige," meneja akaita, "sisi tuko huku."

"Nawasikia, Ndugu Meneja. Ulizeni tu."

"Unataka kazi kwetu au kwa hiyo kalenda?"

Mhasibu akaangua kicheko. Kisha nikamsikia meneja akishangaa upya: "Na wewe mama, mbona umejifunika kanga usoni?"

Mhasibu akazidi kucheka.

Nikajibu maswali yote nikiusemesha ukuta, jasho likinishuka hadi ndani ya soksi. Mwishowe meneja akasema, "Inatosha. Tutakuandikia."

Hawakuandika.

"Achana nao," Enoka akanishauri. "Umewapa mgongo, ndugu yangu. Hata mimi nisingekuandikia."

Lakini nililelewa nikijua kwamba aliyesailiwa anastahili jibu, hata likiwa baya. Nikapiga pasi shati lile lile, nikapanda basi kwenda Bunda bila kuitwa.

Nilikuwa na tumaini moja: nikimweleza meneja mila yetu, ataelewa.

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mila hiyo naijua. Yule mama alinieleza siku ile ile, ulipotoka tu."

"Kwa hiyo alinitetea?"

"Alikukataa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alisema adabu yako haina kasoro, na ndiyo maana hufai. Nusu ya wakulima wa kituo kile ni wakwe zako. Sasa akija yeye na pamba mbovu, utaikagua au utakimbilia porini?"

Hapo wengine wangepiga magoti. Mimi sikupiga.

"Nipeni mizani siku moja," nikasema. "Yeye alete pamba. Mtaona."

Meneja akakubali. "Siku ya kufungua kituo. Ukishindwa, usikanyage tena ofisini kwangu."

Siku hiyo foleni ilifika barabarani. Meneja alisimama pembeni, mikono nyuma. Gunia likatua mbele yangu, na ukingoni mwa jicho nikaona kanga ya bluu. Nyuma yake alisimama Miriamu.

Nikainamisha macho, nikaitazama mikono ya mama yule tu. Kisha nikazamisha mkono wangu ndani ya gunia, hadi katikati.

Juu pamba ilikuwa kavu. Katikati imelowa chepechepe.

Kila mkulima anajua maji huongeza uzito. Kila mtu pale alijua pia kwamba nikimwaibisha mama mkwe hadharani, ng'ombe wangu watarudishwa na Miriamu ndiyo basi tena.

Mzee mmoja akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika na foleni nzima: "Pima tu, kijana. Sisi tulikuwaga tunaoa kwanza, kukagua baadaye."

Wakacheka. Mimi nikamgeukia meneja.

"Ndugu Meneja," nikasema, maana mwenye mzigo siwezi kumsemesha, "gunia hili lirudi nyumbani likaanikwe."

Kicheko kikakatika.

Mama yule akalibeba, akaondoka. Miriamu akanitazama mara moja, macho yamejaa machozi, akamfuata mama yake.

Nikaendelea kupima. Sijui nilipimaje.

Tulipofunga mizani, meneja akanivuta nyuma ya kituo. Palikuwa na debe tupu, na kando yake vipande vya pamba vilivyolowa.

"Yule mama aliilowesha mwenyewe asubuhi, mbele ya macho yangu," akasema. "Alisema ukiipokea, kazi hupati."

"Na sasa?"

"Kazi ni yako. Na ameniagiza nikuambie kwamba binti yake asingeolewa na mtu anayeogopa gunia."

Msimu ulipokwisha, nilimwoa Miriamu. Mama yake nilimpimia pamba mpaka alipochoka kulima, na sikumtazama usoni hata siku moja. Picha yake imetundikwa sebuleni kwetu Bweri, Musoma. Nikipita hapo nageuza shingo, na Miriamu hucheka kila mara.

Vijana mnaotafuta kazi, kabla ya usaili ulizeni ni nani watakaokaa mezani. Jibu lisipokuja, lifuateni kwa miguu yenu. Na mkifika, msiombe kuhurumiwa.

Ombeni kupimwa.