Njano ya Viganja vya Bakari

Siku yangu ya kwanza maabara, katika hospitali moja hapa Tanga, Mkuu wa Maabara alinisimamisha mbele ya mashine ya kuzungusha damu. Damu ikizungushwa, chembe hushuka chini, na juu hubaki seramu, maji ya manjano, angavu. "Binti, ukiiona nyeupe kama tui, mgonjwa kala. Mrudishe, aje kesho na njaa yake."

Nikapelekwa zahanati ya Mkwaja, nikarudishwa Tanga, na amri ilikuwa ileile. Ndipo akaja Bakari, mpishi wa shughuli kutoka Tongoni, kifua kinambana. Ilikuwa Ramadhani, alasiri. Seramu yake ilikuwa tui tupu.

Mkuu alitoka mwenyewe. "Bwana Bakari, wewe umekula."

Watu kwenye benchi waligeuka.

"Mie? Wallahi nimefunga, Mkuu. Hata funda la maji!" Kumwambia mtu mzima hadharani kwamba amekula mchana wa Ramadhani si jambo dogo. Niliona haya mimi.

Mkuu, namshukuru, hakuwa mbishi. Aliomba radhi, akampa mkono, kisha akaugeuza ule wa Bakari. Mistari ya kiganja ilikuwa na njano.

"Bizari hiyo, ya jikoni," alisema Bakari.

"Kaoshe."

Alisugua kwa sabuni kwenye beseni. Njano ilibaki palepale, ndani ya ngozi.

Mkuu akatueleza. Mafuta husafiri kwenye damu yakiwa yamefungwa pamoja na protini. Vifurushi hivyo ni lipoprotini. Kuna watu wachache, kwa kurithi, ambao miili yao hushindwa kuondoa mabaki yake. Mabaki hayo huzunguka hata mtu akiwa na njaa, huziba mishipa ya moyo, na mengine hujikusanya kwenye mistari ya viganja.

"Nani mwingine kwenu ana mikono hii?"

"Kaka zangu wawili. Walianguka ghafla, bado vijana, tukasema kijicho. Amebaki mdogo wetu, Zaina. Naye mpishi."

"Mlete kesho."

Bakari alimleta, naye alikuwa na njano ileile viganjani. Bakari mwenyewe alipewa dawa, lakini mishipa ilikuwa imeshaharibika mno. Hakuuona mfungo uliofuata, na hadi leo inaniuma.

Nimestaafu, naishi Raskazone. Vijana, mashine zenu ni nzuri kuliko zetu, ila msimwite mtu mwongo kabla hamjamtazama.

Idi iliyopita Zaina alikuja na sinia la biriani. "Shikamoo, dada." Ameshika dawa na miiko ya chakula miaka yote hii. Akaninyooshea viganja bila kuombwa, kama afanyavyo kila Idi. Mistari ilikuwa safi. Niliishika ile mikono, nikamwona Bakari pale kwenye beseni, anasugua.